Maiti Mwenye Ufunguo

Kama kuna mtu hapa duniani ambaye hakuumbwa kuwa maiti, basi ni Redio. Jina hilo alipewa na mtaa, na mtaa haukukosea. Akiamka anaongea, akila anaongea, na mwanawe aliwahi kuapa kwamba hata usingizini mama anaendelea, ila kwa sauti ya chini. Sasa mtu huyo ndiye aliyelazwa chali juu ya meza ndefu ya kituo cha Waislamu, mikono ubavuni, macho kayafumba, wanawake wamemzunguka. Na ndani ya fundo la nywele zake alikuwa na ufunguo wa kuiba.

Hebu nianzie mwanzo, msije mkamwonea bure.

Mwanawe na mkewe walikuwa wanahama Jumapili. Hawaendi mbali, ng'ambo ya reli tu, karibu na karakana anakofanya kazi kijana. Lakini kwa Redio, ng'ambo ya reli na ng'ambo ya bahari vilikuwa kitu kimoja. Mkamwana ndiye aliyekuwa masikio yake. Angeosha vyombo huku akiitikia, "Ehe, mama, ikawaje?" hata kama kisa chenyewe kimeshamchosha. Akiondoka huyo, Redio ataongea na nani, na masufuria?

Angesema tu, "Wanangu, naogopa kubaki peke yangu," yakaisha. Wapi! Mdomo wenye maneno ya kila kitu ulikosa hayo machache. Badala yake akafoka: "Nendeni! Mkirudi mtanikuta maiti!" Kisha asubuhi ile akaona ufunguo mpya unang'aa juu ya friji, mkono ukaenda wenyewe. Akauzungushia nywele, akafunga fundo, akavaa mtandio. Nyumba isipofunguka, nani atahama? Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake.

Basi nyumba ikapinduliwa juu chini. Mwana akachungulia uvunguni mwa kitanda, mkamwana akakung'uta mito. Na aliyetafuta kwa bidii kuliko wote, huku akilaani uzembe wa vijana wa siku hizi, ni Redio mwenyewe. Hakuna aliyemshuku.

Mchana mama mkwe na mkamwana wakaenda kituoni, maana walishaahidi kuhudhuria mafunzo. Kituo kile hakichagui wa kumhudumia. Kuna siku ya kupima presha, kuna masomo ya jioni kwa watoto, na gari la janaza huenda kwa yeyote aliyefiwa, hata kwa mgeni aliyefia njiani bila ndugu. Ila upande wa wanawake waoshaji maiti walikuwa wamebaki wawili, na mmoja magoti yalishamgomea. Huyo wa magoti ndiye aliyeitisha mafunzo, akawa mkufunzi.

"Sanamu yetu ya mazoezi imeazimwa na msikiti wa jirani," akasema. "Nahitaji mtu alale hapa mezani."

Ghafla kila mmoja akawa anatazama dari.

"Alale Redio," akasema mwoka mikate, rafiki yake wa tangu ujana. "Lakini hataweza. Maiti gani huyo atakayewapa pole wafiwa?"

Chumba kikaangua kicheko. Redio alikuwa ameshavua viatu.

"Nyie! Nitakufa vizuri kuliko nyote!"

Alipokwisha kutulia, mkufunzi akaendelea. "Mwenye haki zaidi ya kuosha ni jamaa wa karibu. Mkamwana, njoo wewe. Tunafanya mazoezi makavu, juu ya nguo. Ila mtandio tunauvua, maana nywele nazo zina utaratibu wake. Zinafumuliwa, zinaoshwa, kisha zinasukwa misuko mitatu."

Macho ya Redio yakafumbuka pa!

"Nywele zangu ni safi, niliosha ju..."

"Maiti hasemi," akasema mkufunzi.

"Wala hakodoi macho," akadakia mwoka mikate.

Akafumba tena. Leo nimepatikana, akajisemea moyoni. Mtandio ukavuliwa. Kiganja cha mkamwana kikaingia chini ya shingo yake, kikainua kichwa taratibu kama anayemwinua mtoto mchanga, na Redio akakumbuka kwamba hakuna aliyemshika hivyo tangu afiwe na mumewe. Alitamani kulia, akajikaza.

"Na shikeni hili kuliko yote," mkufunzi alikuwa akisema. "Mwili una siri zake. Ukiona zuri, sema. Ukiona la aibu, lifunike, na uzikwe nalo."

Aibu ikampanda Redio mpaka masikioni. Mtu mzima, mwizi wa ufunguo wa mwanawe, anaumbuliwa kituoni mbele ya mwoka mikate! Na zaidi ya yote, mkamwana huyu akijua, atahama na moyo pia.

Vidole vikafika kwenye fundo, vikasimama.

"Kuna nini?" mkufunzi akauliza.

Wallahi, hapo Redio alitamani afe kweli.

"Nywele zimeshikana tu," akasema mkamwana. "Mama ana nywele nyingi, mashallah."

Vidole vikaendelea. Msuko wa kulia ukasukwa, na wa kushoto. Katika ule wa kati Redio akasikia ubaridi wa chuma ukirudishwa palepale, ukisukiwa ndani kwa ndani na kufungwa kwa uzi. Chozi likamtoka, likateremka mpaka sikioni.

"Jamani, maiti analia!" akapiga ukelele mwoka mikate.

"Ni karafuu maiti hii, inawasha macho," akasema mkamwana, akalipangusa chozi kwa pamba.

Wakamkafini kwa sanda, wakamfungua, mkufunzi akamsifu kwamba hajapata kuona maiti mtulivu namna ile. Njia nzima ya kurudi nyumbani Redio hakutia neno, mpaka fundi viatu wa pembeni mwa barabara akamwuliza kama redio imeisha betri.

Mlangoni kwao akasimama, akafumua msuko wa kati, akautoa ufunguo.

"Chukua, mwanangu. Nisamehe. Niliogopa. Mkienda, nani ataniitikia?"

Mkamwana hakuuchukua.

"Mama, funguo zetu tunazo. Wangu uko kwenye mkoba, wa mume wangu hauondoki kwenye mkanda wake."

"Sasa asubuhi mlikuwa mnatafuta nini?"

"Huo. Mwanao alichongesha wa tatu, uwe unaingia kwetu saa yoyote bila kupiga hodi. Alitaka akupe leo tukinywa chai. Ni wako, mama."

Redio akautazama ufunguo, akamtazama mkamwana.

"Yaani nimeiba cha kwangu?"

Mkamwana akacheka mpaka akashika ukuta, na Redio akacheka na kulia kwa pamoja, ufunguo kaukumbatia kifuani.

"Sasa mwanangu akiuliza ufunguo ulikuwa wapi, tutamwambiaje?"

"Mimi mwoshaji, mama," akasema mkamwana, akijifuta macho. "Sikuona kitu."

Na kweli, hadi leo hajamwambia mtu. Aliyeutangazia mtaa mzima mkasa huu, tena kabla jua halijazama, ni maiti mwenyewe.