Nani Kawaambia Nimemsamehe

Zuleha aliingia nyumbani kwa Mwanamisi binti Ramadhani asubuhi, akiwa na doti ya kanga mpya mkononi na kifurushi cha sukari guru. Mwanamisi alikuwa barazani akishona kofia, mguu wake mbaya ameunyosha juu ya kigoda. Wanawake hawa walijuana tangu utotoni. Baba zao walikuja Karagwe na misafara kutoka pwani, wakaoa huku, wakafungua maduka, wasirudi tena. Lakini Zuleha alikuwa hajakanyaga Kanoni, kijijini kwa Mwanamisi, kwa miaka minne, na sababu yake wote wawili waliijua.

Walisalimiana. Mwanamisi akamwekea mgeni kisahani cha buni za kutafuna, kama desturi, kisha akaendelea kushona.

"Dada," alisema Zuleha, "nimekuja kwa ajili ya mwanangu Zubeiri."

"Nilidhani hivyo."

"Serikali inataka vijana sita wakasome sheria pwani. Watafundishwa hukumu na namna ya kuandika kesi, kisha warudi wawe makarani wa baraza. Zubeiri ameomba. Amepeleka barua kwa Bwana Shauri."

Bwana Shauri ndilo jina ambalo watu walimwita Mdachi, ofisa wa Kijerumani, aliyepita wilayani akisikiliza mashauri. Mwaka ule wa 1911 alikuwa akipiga hema Nyaishozi kila baada ya miezi mitatu.

"Basi Mungu amsaidie," alisema Mwanamisi.

"Watakuita. Kesho au keshokutwa askari atakuja. Watakuuliza kama ni kweli umemsamehe. Wewe sema ndiyo tu, dada. Neno moja."

Mkono wa Mwanamisi ukasimama na sindano ndani ya kitambaa. "Nani kawaambia nimemsamehe?"

Zuleha akatazama chini. "Ameandika mwenyewe, kwenye barua."

Mwanamisi aliiweka kofia pembeni, akachukua ile doti ya kanga, akaiweka juu ya magoti ya mwenzake, na sukari guru juu yake.

"Nenda nazo," alisema. "Sikufukuzi. Ila nenda nazo."

Siku ile yote hakuweza kushona. Mambo aliyokuwa ameyazoea yalimrudia kama mapya. Miaka minne nyuma alikuwa mjane mwenye miguu mizima, akibeba vitambaa na chumvi kwa miguu yake hadi magulio ya Kiruruma na Nyaishozi, na wateja wakimjua kwa sauti kabla hajafika. Siku moja ya gulio alikuwa amepumzika kando ya njia, kwenye mteremko wa kuingia Kanoni, na kikapu cha maharage aliyonunua. Gari la ng'ombe la mfanyabiashara Abdulghani, gari pekee la namna ile pande hizo, likaja likishuka. Zubeiri, mwana wa Abdulghani na Zuleha, alikuwa amesimama juu ya shehena ya ngozi akiimba na kuwachapa ng'ombe. Alikuwa amekunywa rubisi, ile pombe ya ndizi, tangu asubuhi. Gari likaacha njia. Gurudumu likapita juu ya muundi wa Mwanamisi.

Mganga wa mifupa alijitahidi, lakini mguu uliunga vibaya. Tangu hapo mwanamke aliyetembea Karagwe nzima akawa mtu wa kuketi barazani akishona kofia za waume wa wengine.

Zubeiri alihukumiwa. Alipigwa viboko ishirini na tano, akafungwa miezi miwili, akivunja mawe ya barabara na mnyororo shingoni. Mwanamisi alibebwa na majirani kwenye machela siku ya hukumu. Alipotaka kusema, karani alimwambia kesi ile ni ya serikali na mshitakiwa, yeye anyamaze. Akanyamaza. Baada ya kifungo Zubeiri alikuja mara tatu kumlimia kibanja chake cha migomba. Mara ya nne hakuja, wala hakutuma salamu.

Na sasa alikuwa ameandika kwamba amesamehewa.

Askari alikuja siku ya pili. Mwanamisi alipanda punda wa jirani, akafika Nyaishozi jua likiwa limepanda. Mbele ya hema palikuwa na meza, na nyuma ya meza Bwana Shauri, mtu mwembamba mwenye haraka, aliyesema Kiswahili kizuri. Pembeni yake aliketi karani. Zubeiri alisimama mbele yao amevaa kanzu safi. Alikuwa mrefu kuliko alivyomkumbuka.

"Shikamoo, mama," alisema Zubeiri.

"Marahaba."

Karani alisoma barua kwa sauti. Mwanzoni ilieleza elimu ya kijana, ukoo wake, hesabu anazozijua. Kisha ikafika penyewe: "Katika mwaka ule ng'ombe wa baba yangu walishtuka, gari likaacha njia, na mwanamke mmoja akaumia mguu. Niliadhibiwa kwa haki. Nimeacha pombe kabisa. Mwanamke yule amekwisha kunisamehe, na tunaishi kwa wema."

"Wewe ndiye mwanamke huyo?" aliuliza Bwana Shauri.

"Mimi ni Mwanamisi binti Ramadhani."

"Umemsamehe? Ndiyo au siyo."

"Sijaombwa, bwana."

"Sikuuliza hilo. Ndiyo au siyo. Nina mashauri kumi na moja leo."

Mwanamisi alikuwa ameegemea fimbo yake, na hakuna aliyemletea kiti.

"Siku ya kesi yake nilibebwa hadi mbele ya meza kama hii," alisema. "Nilitaka kusema, nikaambiwa haya si mambo yangu, ni ya serikali na huyu. Nikanyamaza. Leo huyu anatafuta kazi, na serikali inatafuta karani, ndipo mnanikumbuka, na mnataka neno moja. Ng'ombe hawakushtuka, bwana. Walichapwa na mtu mlevi. Na mimi si mwanamke mmoja. Huyu ananijua jina tangu anaanza kutembea. Kuhusu kusamehe, hilo ni langu, na amelichukua akaliandika kwa mkono wake bila kuniuliza."

Bwana Shauri alimgeukia Zubeiri. "Umeandika uongo kwenye barua ya serikali?"

"Sikuja kumfukuzisha," alisema Mwanamisi. "Nataka aandike upya. Hapa hapa. Na aandike kwa herufi za Kiarabu pia, kwa sababu za Kizungu sizijui, na nataka kuisoma mwenyewe. Baba yangu alinisomesha."

Bwana Shauri alitazama saa yake. Alisema barua ya uongo haendi nayo popote, na kama kijana anataka kuandika nyingine, aandike kabla ya adhuhuri. Kisha akaita shauri linalofuata.

Wakaketi chini ya upenu wa duka la Abdulghani pale Nyaishozi, Mwanamisi juu ya gunia la chumvi, Zubeiri juu ya jamvi na kalamu yake.

"Mama, umeniaibisha mbele ya watu," alisema.

"Andika."

"Nilipigwa viboko ishirini na tano. Nilivunja mawe miezi miwili, shingo yangu ikaota vidonda. Nimelipa. Kila nikigusa jambo linarudi lile lile. Nitalipa mpaka lini?"

"Umemlipa nani?" aliuliza Mwanamisi. "Mawe yale yamelazwa barabarani, na barabara wanaipita wenye miguu. Mimi ulinilimia mara tatu. Mara ya nne ulikuwa wapi?"

Zubeiri alisema kwa sauti ndogo, "Niliona haya. Kila nikija ulikuwa umeketi pale pale."

"Na mimi ningeketi wapi?"

Akaanza kuandika. Alipomaliza alimpa karatasi. Mwanamisi aliisoma polepole, kidole chake kikifuata mstari, akaona ameandika kwamba gari lilimpita Mwanamisi binti Ramadhani.

"Gari lilikuwa na akili zake?" aliuliza.

Zubeiri akafuta. Akaandika kwamba alikunywa rubisi tangu asubuhi hadi adhuhuri, kwamba alisimama juu ya shehena akiwachapa ng'ombe kwenye mteremko huku watu wakimpigia kelele apunguze, kwamba alimvunja mguu Mwanamisi binti Ramadhani wa Kanoni, mfanyabiashara wa vitambaa na chumvi, na kwamba tangu siku hiyo mama huyo hawezi kutembea kwenda gulioni. Aliandika mara tatu alizolima, na kwamba aliacha.

"Na hapa?" aliuliza, akionyesha mahali pa msamaha.

"Andika kwamba sijakusamehe, na kwamba hujawahi kuniomba."

"Wakisoma haya hawatanichukua."

"Huenda. Mimi sijui wanachotaka. Lakini wewe unataka kukaa mezani na kuandika maneno ya watu wenye madai. Atakuja mtu kama mimi, atasema amevunjwa, na wewe utaandika ng'ombe walishtuka?"

Aliandika. Kisha aliiweka kalamu chini, akamtazama. "Naweza kukuomba sasa?"

"Usiniombe leo," alisema Mwanamisi. "Leo una shida na neno langu."

Barua ikapelekwa. Zuleha aliacha kumsalimu Mwanamisi, na ndugu zake pia. Baadhi ya watu wa Nyaishozi walisema mwanamke yule ana moyo wa jiwe. Mwanamisi aliyasikia na yalimuuma, kwa sababu kwa miaka minne hakuna hata mmoja wao aliyekuja kumuuliza anakula nini.

Jibu lilirudi baada ya miezi mitano. Zubeiri mwenyewe alilileta Kanoni, akamsomea. Lilikuwa na mstari mmoja: mtu aliyewahi kufungwa hafai.

"Hawakusema lolote juu ya barua?" aliuliza Mwanamisi.

"Hakuna. Na waliomchukua kutoka Nyaishozi ni yule niliyekunywa naye siku ile. Alikuwa amelala nyuma ya gari. Hakushitakiwa kwa sababu hakushika fimbo."

Zubeiri alitarajia labda mama huyu atafurahi. Mwanamisi hakufurahi. Alikasirika kuliko siku ile mbele ya hema. Alikuwa amemlazimisha mtu kusema kweli, na wakubwa hawakuifungua hata kuitazama. Walitazama neno kifungo, basi. Mara ya kwanza waliuhukumu mguu wake bila kumsikia, na sasa wameuhukumu tena, yeye akiwa hayupo.

"Chukua kalamu," alisema. "Hii ni barua yangu."

Alimwambia maneno, Zubeiri akaandika kwa herufi zote mbili. Alisema yeye ndiye aliyevunjwa, na hakuna aliyemuuliza kama kijana huyu anafaa. Angeulizwa angesema kwamba hajamsamehe, lakini kati ya vijana wote wa Nyaishozi huyu ndiye pekee aliyewahi kuandika kosa lake hadi mwisho bila kujificha, na kwamba angependa kesi yake iandikwe na mtu wa namna hiyo kuliko na yule aliyelala nyuma ya gari.

"Mama, hii itawakasirisha," alisema Zubeiri.

"Na wakasirike na wao."

Barua ile haikujibiwa. Mwaka ule Zubeiri alikuwa akiketi upenuni mwa duka la baba yake siku za gulio, akiwaandikia watu mashauri yao, na alikuwa akija Kanoni kulima kibanja, safari hii bila kukatiza. Mwanamisi alimpa chakula, wakazungumza habari za mvua na migomba. Mwaka uliofuata alikuja Bwana Shauri mwingine, akazikuta barua mbili pamoja kwenye sanduku la karatasi, akamwita kijana. Alimhoji siku nzima, na mwisho akamwandika katika orodha ya wanaokwenda pwani.

Zuleha alikuja Kanoni kumpa Mwanamisi habari. Ilikuwa mara ya kwanza kusalimiana tangu ile siku ya kanga. Alikaa, akala buni, akasema Zubeiri ataondoka mwezi ukiandama.

"Umefurahi, dada?" aliuliza.

Mwanamisi aliushusha mguu wake kutoka kwenye kigoda kwa mikono miwili, akalipapasa goti.

"Bado," alisema. "Akirudi nitakwenda barazani kumsikiliza akisoma kesi za watu alizoziandika. Ukumbini kuna uji, jimiminie."