Mwaka Haumngoji Mgeni Rasmi

Mwanapili alimheshimu mkwewe mpaka ikawa kero. Junaid, mume wa binti yake Ummy, akibisha hodi tu, yeye huitikia salamu kwa sauti ya chini na kupotelea jikoni. Lakini siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, si siku ya kupotelea jikoni.

Asubuhi ile wanaume walishachapana kwa vigogo vya migomba, wakamaliza vinyongo vya mwaka mzima. Wanawake walishazunguka uwanja wakiimba. Kilichobaki ni kibanda cha makuti kitiwe moto, watu waone moshi unaelekea wapi na mwaka uingie. Mzee Ubwa, mwenye kazi hiyo, alikuwa na kiberiti mkononi.

Ndipo Junaid, katibu wa kamati ya sherehe kutoka mjini, alipokamata kipaza sauti. "Tunamsubiri mgeni rasmi. Moto hauwashwi mpaka alasiri."

Mzee Ubwa akatia kiberiti mfukoni. Mzee mzima! Mwanapili alipandwa na hasira. Tangu lini Mwaka ukaomba ruhusa? Siku hiyo mwanamke wa Makunduchi humwimba amtakaye, mkubwa kwa mdogo, na aliyeimbwa haruhusiwi kununa. Haki hiyo aliirithi kwa mama yake, hakupewa na kamati. Akatoka mstarini, akamwendea mkwewe.

Junaid aliijua nia yake. Akainama kumnong'oneza. "Shikamoo, mama. Nakuomba usinifedheheshe. Ukiniimba leo, Ummy nnamrejesha kwako."

Masikini, kipaza sauti hakukizima. Uwanja mzima ulisikia.

Mwanapili alimtupia jicho Ummy, aliyekuwa mstarini na wanawake wenzake. Ndoa ya miaka tisa, watoto watatu, na yote hayo yamening'inia kwenye ulimi wake. Aliogopa, tena sana. Lakini akinyamaza leo, mwakani wataambiwa wawashe moto siku nyingine kabisa, na watatii. Akapiga kofi, akaimba:

"Kaja na saa mkononi, atupangie Mwaka wetu,
Mwambieni huyu wa mjini, Mwaka si mtumwa wa mtu!"

Hakuna aliyeitikia. Wanawake walikuwa wakimtazama Ummy kwa huruma, kila mmoja anaogopa kumvunjia mwenzake nyumba. Mwanapili akarudia, peke yake.

Mara ya tatu akaitikiwa na sauti moja. Alikuwa Ummy. Aliimba huku amemkazia macho mumewe, na mstari mzima ukapokea nyuma yake. Mzee Ubwa akaona haya, akatoa kiberiti. Makuti yakashika, moshi ukapanda, watu wakapiga vigelegele.

Junaid alimfuata mkewe jasho likimtiririka. "Ummy, hukusikia nilivyosema?"

"Nimesikia, na watu wote wamesikia. Usijisumbue kunirejesha. Nsharudi mwenyewe, hapa ndipo kwetu."

Akamshika mama yake mkono, na safari hii wimbo akauanzisha yeye.