Kichwa Changu, Mjomba

Kichwa kinaniuma mimi, lakini sababu wanaijua wengine. Ndoo! Hapa Newala maji tunayafuata mbali, kila mwanamke amebeba ndoo kichwani tangu utotoni, ila ukoo wetu ulikaa kikao ukaamua kwamba mimi, Getrude, ndoo imenishindilia ubongo mpaka ukaota kitu. Na nani alikuwa ananituma maji nikiwa mdogo? Mama yangu, Sabina. Basi mama wa watu akawa haongei, anatembea kainamisha uso utadhani ameua.

Tiba nayo ikatoka kwenye akili hiyo hiyo. Kama mzigo ndio uliokandamiza, kichwa kilazwe kipumzike. Mjomba Nikolao, kaka yake mama, na kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, akaagiza nilale chali mkekani, bila mto, nisiinuke ovyo. Nikatii. Kila asubuhi naamka kichwa kinapasuka, natapika, na cherehani yangu imelala kwa sababu tundu la sindano naona mawili.

"Vumilia, Mama Huruma, ndiyo inatoka hiyo," wananiambia.

Inatoka inakwenda wapi? Upuuzi mtupu!

Nilipochoka nikaenda zangu hospitali ya Masasi bila kuaga. Daktari Optatus akanituma Mtwara nikapigwe picha ya kichwa, nikarudi nayo, akaitazama kwenye mwanga. Uvimbe ule pale, ukubwa wa bibo, tunda la mkorosho. Akaniuliza nyumbani nalala vipi. Nilipomweleza, akaguna.

"Mama, ndoo haina kosa," akasema. "Mgandamizo hautoki juu, unatoka ndani. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Uvimbe ukikua unausukuma ubongo, na ukilala bapa, damu haishuki vizuri kutoka kichwani, mgandamizo unazidi. Ndiyo maana asubuhi unateseka. Lalia mito, kichwa kiinuke."

"Si unipe dawa uyeyuke?"

"Nitakupa vidonge vya kupunguza maji yaliyojaa pembeni yake. Lakini uvimbe wenyewe umejibana mpaka umeminya mishipa ya damu iliyomo. Dawa inasafiri na damu. Mishipa ikiminywa, itafikaje? Na kule kubanwa kwenyewe kunaweza kuufanya uwe mkaidi zaidi. Ni lazima ukapasuliwe Dar, mgandamizo upungue, halafu ndipo matibabu mengine yapate njia. Usikawie. Macho hayo yatazimika."

Nililia pale pale, na sikulia kwa woga. Nililia kwa hasira! Muda wote ule nimelazwa mkekani kwa heshima na adabu, kumbe najiongezea maumivu mwenyewe.

Nyumbani niliwaeleza wote, neno kwa neno. Mama akainua uso.

"Kasema ndoo haina kosa?"

"Haina, mama."

Akaingia ndani. Mjomba akadakia. Kupasuliwa fuvu? Thubutu! Msimu wa korosho uishe kwanza, ndipo ukoo ukae tena.

"Mjomba, macho yangu hayangoji korosho."

"Na mimi nasema hakuna mtu wa ukoo huu atakayekusindikiza. Tuone utafikaje."

Hapo alinipata. Hospitali walikwishanionya kwamba mgonjwa wa kichwa hapokewi bila ndugu wa kumuuguza, na kwetu neno la mjomba likishatoka, nani atalivuka? Dada zangu wakaanza kunikwepa. Usiku nilalie mito, mchana nitafute mtu, sipati. Nikasema potelea mbali, nitakwenda hivyo hivyo, wanifukuze wao.

Asubuhi ya safari nilifika stendi nimefumba jicho moja ili njia iwe moja. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, kashika chuma.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. "Ukifia huko," akasema kwa sauti, abiria wakageuka, "mimi sikufuati."

"Usinifuate. Nikibaki hapa nitakuwa kipofu halafu nife, tena nimelala chali kwa amri yako. Kichwa ni changu, mjomba. Nakwenda."

"Peke yako?"

"Na mimi," ikasema sauti nyuma yangu.

Alikuwa mama, na mfuko wa nguo mkononi. Sijawahi kumwona mama akimkazia macho kaka yake. Siku hiyo alimkazia.

"Kaka, ulisema nimemuua mwanangu, nikakubali. Sikula, sikulala, nilikuwa naomba nife kabla yake. Daktari kasema sikumuua. Sasa kama unataka kumuua wewe, anza na mimi."

Abiria wakachungulia madirishani. Mjomba alitazama huku, akatazama kule, mkono bado uko kwenye chuma.

"Tupishe," mama akamwambia.

Akatupisha.