Kitabu Kisicho na R

"Nilikwambia kura, fundi. Wewe umeniandikia kula."

Mama Vitambaa, mdarizi wa mtaa, alikuwa amesimama barazani kwake mikono kiunoni, na juu ya kichwa chake ubao wa rangi mbichi ulisema, kwa herufi zilizonona kama bwana harusi: KITUO CHA KULA. Mbele yake watu arobaini walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na sahani yake. Siku hiyo mtaa ulikuwa unachagua mshika ufunguo wa geti, ama Mama Vitambaa ama Mzee Kufuli aliyeushika miaka yote, na hakuna aliyekubali kugusa karatasi kabla ya kutia kitu mdomoni. Usikatae wito, walisema, kataa neno. Na neno lenyewe lilikuwa tamu. Tangu asubuhi Mama Vitambaa alikuwa ameshawapikia sufuria nzima ya maharage, kwa hasira tupu.

Fundi Herufi, mchora mabango, jirani yake ukuta kwa ukuta, alimjibu kwa upole kwamba kwa masikio ya mtaa ule kura na kula ni pacha. Halafu akasema lile ambalo kila mtu alilijua: hana R.

Baba yake alimwachia brashi tatu na kitabu cha zamani cha herufi, jalada la ngozi, lugha isiyosomwa na yeyote, kila herufi na ukurasa wake, imepigiwa mistari ya vipimo kama nguo kabla ya mkasi. Kabla ya kukata roho alimwapisha: herufi hizi ni ukoo mmoja, usiingize ya kuokota. Akaapa. Miaka sita iliyopita ukurasa wa R ukatoweka. Ukitoka Q unatua S.

Tangu hapo anaikwepa R kama mdai. Muuza karanga alibembelezwa mpaka akawa muuza njugu. Daktari wa meno akawa tabibu. Gereji ya pale kona ilikataa ushauri, na hadi leo inatengeneza MAGALI.

Mama Vitambaa alimwambia R zimejaa duniani, hata kwenye kiberiti ipo, achukue moja abandike.

"Hizo za watu," fundi akasema. "Mimi nataka ya kwetu. Na wa mwisho kukiazima kile kitabu ulikuwa wewe."

Aliyekuwa akigonga sahani kwa kijiko akaacha. Kweli, wiki ile ya harusi yake mdarizi alikiazima achukue herufi za kudarizi, na tangu siku hiyo fundi hakuwahi kuvuka kizingiti chake. Akibisha hodi, anatolewa kigoda nje. Fundi alidhani ni maringo ya bibi harusi, yaliyochelewa kuisha.

Mzee Kufuli, aliyenusa ushindi, akadai ubao usipokuwa na R kabla ya saa sita uchaguzi ufe na ufunguo ubaki mfukoni mwake. Kisha akamsogelea fundi, sauti ya huruma. "Chora yoyote, mwanangu. Baba yako hasomi tena."

Fundi akapanda ngazi. Akafuta L kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akachovya brashi. Miaka sita ya kushika kiapo, na foleni nzima ikimtazama kisogo. Nywele za brashi zikagusa ubao.

"Acha," Mama Vitambaa akasema.

Akaeleza bila kumtazama mtu. Ukurasa aliuweka chini ya kitambaa ili aifuate herufi. Sindano ikapita, ikapita, alipouchomoa ulikuwa chujio. Akauchoma jikoni, akamfungia jirani mlango miaka sita.

"Lakini R ya baba yako ipo. Iko katikati ya KARIBU, kwenye kitambaa cha meza. Sikuikosea hata tundu moja."

Fundi akashuka taratibu, akaomba kitolewe nje.

"Hakitoki. Sufuria ya maharage imekalia R yenyewe, na wanaume wawili hawaiinui."

Fundi akaitazama foleni, foleni ikamtazama. Mama Vitambaa akasogea pembeni ya mlango, akaushika wazi kwa mgongo.

"Haya, jirani, tangulia wewe. Nawa mikono, ingia ule. Tukiipunguza, utaiona."