Wastani na Saizi ya Viatu

Mara mbili chama chetu cha wahadhiri kilikuwa kimeninyima cheti cha ufundishaji. Hii ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho, na nikikosa, chuo hakiniongezei mkataba. Sasa niambie, mwanamke na mvi zangu kichwani, niende wapi?

Basi nikafanya upuuzi. Siku moja kabla mkaguzi wa chama hajaja kunisikiliza, niliwafanyisha wanafunzi wangu wa takwimu mazoezi ya somo zima, maswali na majibu, nani anyooshe mkono na nani ajikune kichwa. Wananipenda wale watoto. Walikariri hadi kikohozi changu.

Mkaguzi alikuwa mhadhiri mstaafu, mzee mpole mwenye miguu mikubwa. Alikaa nyuma na daftari lake. Swali la kwanza wakajibu vizuri. Kabla sijafungua mdomo kuuliza la pili, binti wa mstari wa mbele akajibu la tatu. Mzee akafunga daftari.

Nikaona potelea mbali, nikamweleza ukweli wote mbele ya darasa. Hakukasirika.

“Sasa wafundishe wasichokijua,” akasema.

Nikawauliza kipi hakijawaingia. Kijana tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani yake akakiri kwamba tangu wiki ya pili haelewi tofauti ya wastani na namba ya katikati. Wiki ya pili, jamani! Nilijikasirikia mno. Nikaamuru kila mtu avue kiatu kimoja, asome saizi yake, kisha wajipange kuanzia mwenye mguu mdogo hadi mwenye mkubwa.

Ukumbi ukawa soko. Walisukumana, wakataniana kwa soksi zilizotoboka, nami nikacheka hadi mbavu zikaniuma. Profesa aliandika saizi zote ubaoni, akajumlisha na kugawanya akapata wastani, kisha akachukua saizi ya aliyesimama katikati ya mstari kuwa namba ya katikati. Ndipo nikamwomba mzee naye avue kiatu kimoja aingie mstarini. Saizi arobaini na nane! Profesa akapiga hesabu upya.

“Mguu wa mzee umepandisha wastani,” akasema taratibu, “lakini namba ya katikati hata haijashtuka. Mwalimu, nimeelewa.”

Mzee akaomba kalamu. Akatia sahihi fomu yangu akiwa na kiatu kimoja, akaniambia cheti nimepata. Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi nikalia kwa furaha, na sikuona haya.