Salamu ya Mama Wema

Iwekwe wazi tangu mwanzo, kwa heshima zote: fundi wa kuchomelea vyuma ni mtu asiyesalimiwa. Hakuna chuki ndani yake. Anayepita karibu na moto wake hugeuza uso akakazia macho ukuta, kama mwanafunzi aliyesikia jina lake likitajwa kwenye swali la hesabu, hadi hatari ipite. Naye fundi yumo ndani ya kofia nyeusi, haoni kitu ila kitone cha mwanga kinachotembea.

Hosiana Maduhu wa Tinde, mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa ameishi ndani ya kofia hiyo miezi kumi na minne huko Nyarugusu, akiziba matundu ya makarasha, ile mitambo inayosaga mawe ya dhahabu. Karasha likitoboka alipigiwa simu. Likipona alisahauliwa. Wachimbaji walimwita Mama Cheche, ingawa hakuwa mama wa yeyote, na walimwita wakiwa wameshampa mgongo.

Mwalimu wao chuoni alizoea kutangaza njia za maisha ya fundi kwa sauti ya kusomea matangazo ya vifo. Kuna mageti na vitanda, alisema, kuna mitambo, halafu kuna mabomba, na mabomba ni ya wateule. Mageti yalikuwa yakimsubiri Hosiana. Mama yake alikwishapata kibanda kando ya barabara pale Tinde, na kila Jumapili alipiga simu kumkumbusha kwamba watu wa Tinde wanazaliana, na kila anayezaliwa atahitaji kitanda.

Lakini Hosiana alitaka mabomba, kwa sababu ambayo hakumwambia mtu. Mafundi wa mabomba hufanya kazi kwa kikosi: watu kumi na wawili, gari moja, meza moja. Aliwahi kuwaona mjini Geita wakila. Mmoja alimwibia mwenzake kipande cha nyama, na mwibiwa akasimama kulihutubia taifa. Hosiana alijikuta akicheka peke yake ng'ambo ya barabara, watu wakamshangaa.

Basi mkandarasi mmoja wa mabomba alipotangaza nafasi moja, akaenda.

Watahiniwa walikuwa wanne, kila mmoja kwenye kibanda chake cha mabati, kila mmoja na vipande viwili vya bomba vya kuunga. Msimamizi, mzee Felician wa Ushirombo, alisoma masharti kama anayesoma Injili. Mshono wa kwanza, ule wa ndani kabisa, ndio roho ya kazi. Rodi, ule ujiti wa kuchomelea, ikiwaka usiiachie njiani, maana ukisimama ovyo chuma hupoa na kuficha ufa. Mwishoni kitakatwa kipande na kukunjwa kwa jeki; kikipasuka, kwaheri. Kisha akainua kidole. "Mtahiniwa akisumbuliwa na mtu, atarudia leo leo. Na aliyemsumbua atatafuta kazi kwingine. Tumeelewana?"

Walielewana.

Hosiana alikuwa amefika robo tatu ya mshono, na mshono ulikuwa safi, magamba yake yamepangana kama ya samaki, pale sauti ya mwanamke ilipotokea nyuma ya kibanda.

"Mwadila, mayu!"

Alikuwa Mama Wema, mpishi, aliyekata njia na ndoo yake ya maji. Alikuwa amesikia kwamba kuna binti wa kwao, na salamu ya mchana ya Kisukuma, pamoja na mayu, yaani mama, ilikuwa imemtoka kabla ya akili.

Sasa, mtu aliyelelewa Usukumani haachi salamu ya mtu mzima ining'inie hewani. Magoti hujua kabla ya kichwa. Hosiana aliachia moto, akainua kofia, akainama.

"Mwadila, mayu."

"Mhola?"

"Mhola duhu," alijibu, salama tu.

Mpishi akauliza ni binti wa nani. Akauliza ukoo. Akauliza kama mvua imenyesha Tinde, kama ng'ombe wanapata majani, kama mama mzazi magoti bado yanamsumbua, maana mama gani hasumbuliwi na magoti? Hosiana alijibu yote, taratibu, akitamani maswali yaongezeke. Mpishi alipobeba ndoo na kwenda zake, rodi mkononi ilikuwa baridi kabisa.

Aliuendeleza mshono, akaufunika kwa mingine iliyonyooka. Kwa nje hakuna jicho ambalo lingeona kitu.

Jeki haina macho. Kipande cha Charles, mtahiniwa wa kibanda cha pili, kilijikunja kama ulimi. Cha Hosiana kilijikunja nusu, kikalia tii!, kikapasuka.

"Ametoka kwenye makarasha huyo," Charles alisema. "Amezoea kuziba sufuria za mawe."

Mzee Felician hakucheka. Aligusa ufa kwa ukucha. "Hapa ulisimama."

"Nilisimama, baba."

"Kwingine kote kumeshonwa na fundi. Hapa kumetokea nini, mwanangu? Kuna mtu alikusumbua?"

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mama Wema alikuwa anapanga sahani na kuimba.

"Cheche iliniingia shingoni."

"Nionyeshe palipoungua."

"Iliingia, ikatoka."

"Yenyewe?"

"Ilikuwa na adabu, baba."

Mzee alimtazama, akalitazama dirisha, akamtazama tena. Hosiana alifunga mkoba wake wa vifaa.

"Miezi mitatu ipite ndipo uruhusiwe kujaribu tena," mzee alisema. "Ndiyo sheria."

"Asante, baba."

Alipokuwa anapita kando ya jiko, Mama Wema alimshika mkono. "Umepata?"

"Bado, mayu. Niliachia moto mwenyewe."

"Oo, pole! Na mkono ulivyokuwa umetulia vile. Kula kwanza, barabara haikimbii." Akampakulia ugali na kisamvu, akakaa karibu naye kwenye ngazi, akafungua kinywa aulize jambo.

"Mama Wema! Maji huku!" Kikosi kilikuwa mezani. Kiti kilikuwa kinavutwa, na mtu akamwambia Charles akae, asione haya, hapa aibu hailiwi. Wakacheka wote kumi na wawili.

Mpishi akanyanyuka mbio, na hakurudi.

Hosiana alimaliza kula. Aliosha sahani bombani, ndani na nje, akatafuta mikono ya kuikabidhi. Haikuwepo. Akaifunika sahani juu ya ngazi ili vumbi lisiingie, akatoka kwenda kutafuta gari la Nyarugusu.