Mkono Juu ya Mama Mkwe

Mzee waliyemwita Gia Mbili, kwa kuwa enzi zake alipanda mchanga kwa gia hiyo tu na hakutaka kusikia nyingine, aliizunguka pikapu yake akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva. Akamkuta binti yake amesimama pale, ufunguo mkononi, kama bawabu.

"Upande ule, baba."

"Upande gani?"

"Wa abiria. Si tulikubaliana?"

Walikubaliana, ndiyo. Macho yake yalikuwa yameanza kumfanyia inda. Kesho yake angehamia mjini kwa binti huyo, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka lake la kushonea nguo, na pikapu ingebaki kwa mpwa wake. Kabla ya hapo alikuwa na ombi moja tu, nalo alilishikilia kama mtoto anavyoshikilia nguo ya mama yake: kuiona tena nyumba ya pampu. Ilikuwa ng'ambo ya vilima vya mchanga. Aliishi huko na marehemu mkewe tangu wakiwa maharusi, yeye akiendesha pikapu hii hii kwa kazi za pampu na mkewe akiwa ubavuni mwake, mpaka kisima kilipokauka na watu wote wakahamishwa. Sasa waliopita huko walisema mchanga unaila nyumba kidogo kidogo. Alitaka kuiona kabla haijaisha, na kabla macho yake hayajafunga duka.

Akapanda kiti cha abiria. Kilikuwa kimebonyea mahali pasipolingana na mwili wake. Akajisogeza huku na huku, mwishowe akatulia.

Lami ilipoisha walishuka wakapunguza upepo wa matairi hadi yakalala kama miguu ya ngamia. Binti akaingiza gia ya magurudumu yote manne, akaondoka kwa kishindo.

"Taratibu! Hiyo siyo cherehani!"

"Cherehani yangu haijawahi kukwama, baba."

"Kwa sababu haijawahi kwenda popote."

Binti akacheka. Vilima vidogo walivipita vizuri, injini ikinguruma, mchanga ukirushwa pembeni na kurudi chini polepole. Mzee alikuwa akikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kila binti alipotakiwa kukanyaga mafuta, na mkono wake wa kushoto ulishika usukani ambao haukuwepo. Binti aliona, akaendelea kuendesha.

Kisha wakafika chini ya kilima cha mwisho, kikubwa kuliko vyote. Watu wa pampu walikiita Mama Mkwe, kwa sababu ulikijia kwa heshima na hukuthubutu kusimama mbele yake. Hapo palikuwa na utaratibu wao. Abiria hushuka, huvua viatu, hupanda kwa miguu akitafuta kwa nyayo mahali mchanga ulipo mgumu. Akifika juu huinua mkono. Dereva hufuata alama za miguu yake kwa mwendo mmoja, humpita, huteremka upande wa pili, na kumngoja chini kwenye ardhi ngumu. Kusimama njiani ni mwiko.

Gari likasimama. Wakakaa. Mzee akangoja mlango wa abiria ufunguliwe, kama ulivyofunguliwa siku zote. Ikamchukua muda kukumbuka kwamba abiria ni yeye.

"Baba, acha nishuke mimi," binti alisema kwa upole.

"Halafu nani aendeshe? Kaa hapo. Ukiona mkono, njoo, wala usisimame."

Akavua viatu akaviacha chini ya dashibodi. Mchanga wa juu ulikuwa wa moto, wa chini ulikuwa baridi, jambo ambalo hakuwahi kulijua ingawa alipita hapo nusu ya maisha yake. Akapanda. Alizama hadi kwenye vifundo, akahamia kushoto, akapata mgumu, akaupoteza, akaupata tena. Mara mbili alisimama kupumua, akijifanya anatazama njia.

Mkewe alikuwa na tabia moja. Akifika juu hakuinua mkono mara moja. Alisimama kwanza, kanga ikipepea, anageuka huku, anageuka kule, wakati yeye huku chini anaunguza mafuta na kupiga honi. "Unahesabu mchanga?" alikuwa akimtania wakikutana upande wa pili. Mkewe alicheka tu, akapangusa miguu, akapanda gari. Yeye hakumuuliza hata siku moja mkewe alikuwa akitazama nini.

Akafika juu.

Upande wa mbele, nyumba ilikuwepo. Hata kwa macho yake yale aliiona: bati lenye kutu, tangi lililoinama, mchanga umefika madirishani. Ilionekana ndogo mno, kitu cha kuokota na kutia mfukoni. Akageuka. Upande wa nyuma, chini kabisa, lilikuwepo gari, nalo dogo vilevile, na ndani yake mtu mmoja anayemngoja yeye. Akatazama nyumba. Akatazama gari. Mahali pengine popote ungeona kimoja tu. Hapa ulikuwa na vyote viwili.

Honi ikalia kule chini. Ikalia tena.

"Subiri, bwana," alisema kwa sauti ndogo, na akashtuka, kwa sababu hakuwa akimwambia binti yake. Alikuwa akijibu honi ya zamani.

Akainua mkono.

Pikapu ikaja vizuri, ikifuata nyayo zake, gia mbili, mwendo mmoja. Ilipomkaribia akasogea pembeni ipite. Haikupita. Ikasimama miguuni pake, ikatikisika, na magurudumu ya nyuma yakazama hadi kwenye ekseli.

"Nani amekuambia usimame?"

"Nikupite vipi, baba yangu unatembea kwa miguu? Watu wangesema nini wakiniona?"

"Watu gani? Mijusi? Mama yako nilimpita siku zote!"

"Mimi si wewe, baba."

Alisema bila ubaya. Mzee akatoa beleshi nyuma ya gari. Lilikuwa moja, na jua lilikuwa limeshaanza kulala, muda ukitosha kazi moja tu. Binti alijua baba yake alikuwa amelipakia kwa ajili ya mlango wa ile nyumba.

"Tukaufukue mlango kwanza," alisema. "Gari halikimbii."

Mzee alitazama chini kwenye nyumba. Mlango ulikuwa pale, umebaki kizingiti cha juu tu. Ndani, alijua, hapakuwa tena na mtu wa kumfungulia.

"Hapana," alisema. "Nyumba nimeiona. Na mahali pa kuionea nimepaona."

Wakafukua magurudumu kwa zamu, wakitaniana kidogo. Kisha gari likarudi kinyumenyume kwa alama zake lenyewe, na mzee akateremka nyuma yake kwa miguu, peku, polepole, mpaka chini.

Akapanda kiti cha abiria bila kuelekezwa. Binti akawasha gari.

"Ngoja kidogo."

"Tunangoja nini, baba?"

Mzee alikuwa ameinama mbele, anatazama kupitia kioo kule juu, ambako mwanga wa mwisho ulikuwa umekaa kwenye ukingo wa mchanga, mahali ambapo mtu angesimama kwanza, ageuke huku, ageuke kule, kabla ya kuinua mkono.

Injini iliendelea kunguruma, mafuta yakiungua. Binti hakupiga honi.